Dawa Inapoyadhuru Mapafu: Jinsi ya Kugundua Mapema na Kujikinga

Mtu anakohoa kikohozi kikavu wiki ya tatu sasa. Amepewa antibiotiki, hakuna nafuu. Amebadilishiwa, hakuna nafuu. Amepimwa kifua kikuu, hana. Picha ya kifua inaonyesha mawingu meupe pande zote mbili, na ngazi alizozipanda miaka yote bila kuzifikiria sasa zinamtoa jasho. Muda wote huo, kila asubuhi, anameza kidonge kilekile cha kutuliza mapigo ya moyo alichoanzishiwa miezi saba iliyopita. Hakuna aliyemuuliza habari za kidonge hicho. Yeye naye hakukitaja, maana kilimsaidia, na nani humshuku aliyemsaidia?

Tatizo analoweza kuwa nalo madaktari huliita nimonitisi itokanayo na dawa, yaani kuvimba kwa mapafu kunakosababishwa na dawa. Lisichanganywe na nimonia ya kawaida. Nimonia huletwa na vijidudu. Hapa hakuna kijidudu cha kuua, ndiyo maana antibiotiki hazifui dafu. Kuta nyembamba za vifuko vya hewa, pale oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu, zimevimba. Huenda dawa imezichubua yenyewe, au kinga ya mwili imeikataa dawa na vita vikapiganwa palepale mapafuni. Uvimbe huo ukikaa muda mrefu bila kutulizwa huacha kovu, na pafu lililogeuka kovu halirudi kuwa pafu.

Dawa zinazojulikana kuweza kuleta shida hii ni mamia. Mjini Dijon, Ufaransa, madaktari wa mapafu walianzisha hifadhi ya mtandaoni iitwayo Pneumotox, ambako daktari yeyote anaweza kutafuta jina la dawa na kuona imewahi kuleta madhara gani kwenye mapafu. Hata hivyo wengi wanaotumia dawa hizo hawapati shida hii maisha yao yote, na nyingi kati yake zinaokoa watu kila siku. Kwa hiyo usimalize kusoma ukaenda kutupa vidonge. Shabaha yangu ni nyingine: siku mapafu yakianza kulalamika, swali la dawa liulizwe wiki ya kwanza, lisingoje mwezi wa tatu.

Hatua ya 1: Andika tarehe

Hakuna kipimo cha damu wala picha inayotoka na jibu kwamba "hii ni dawa". Daktari hulifikia jibu hilo kwa kuondoa sababu nyingine moja moja, kisha kuitazama kalenda: dawa ilianza lini, dalili zilianza lini, katikati kilibadilika nini. Bila tarehe anabaki kubahatisha. Ndiyo maana naanza na daftari kabla ya dalili.

Kila dawa ipewe mstari wake. Andika jina lililo kwenye pakiti (si "kile cheupe cha moyo"), nguvu yake kwa miligramu, unaitumia mara ngapi, ulianza lini, dozi ilibadilishwa lini. Chini yake andika mwili unavyokwenda. Ukurasa mzuri hauhitaji kuwa nadhifu, unaweza kuwa hivi:

Amiodarone mg 200, kidonge 1 asubuhi. Nilianza 4 Machi.
Nitrofurantoin mg 100, usiku. Nilianza 19 Juni, bado naitumia.
Kikohozi kikavu kuanzia wiki ya mwisho ya Agosti.
Ngazi za nyumbani: tangu 10 Septemba napumzika katikati.

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda zaidi. Mtu akisema "nachoka", daktari hana pa kushika. Akisema ngazi zilezile alizipanda Julai bila kutua na Septemba anatua, hapo pana jambo la kupima.

Sasa andika na zile zinazosahaulika. Matone ya macho ni dawa. Sindano au dripu unayopewa kliniki kila baada ya wiki kadhaa ni dawa, hata kama huna pakiti yake nyumbani. Virutubisho na dawa za asili ni dawa. Mafuta ya kulainisha choo ni dawa. Na dawa uliyoimaliza bado ihesabu kuwa yako kwa miezi kadhaa, hasa za saratani, kwa kuwa baadhi huanza kuyasumbua mapafu wakati mgonjwa ameshapongezwa kwa kumaliza matibabu.

Hatua ya 2: Angalia kama dawa yako imo

Majina nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye pakiti ili uweze kuyalinganisha. Sitaorodhesha yote, nataja yale ambayo mtu anayeyatumia anapaswa kujua tabia zake.

Amiodarone, ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ndiyo ya kwanza. Hujilimbikiza mwilini, mapafu yakiwamo, na huondoka polepole mno: kupungua kwa nusu tu huchukua karibu miezi miwili. Kwa kawaida madhara huja baada ya miezi au hata miaka ya matumizi, na hatari huongezeka kadiri dozi inavyokuwa kubwa na muda unavyokuwa mrefu. Watu wanaotumia mg 400 au zaidi kwa siku kwa muda mrefu wanapaswa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Ubaya wake ni kwamba huanza kimyakimya. Mgonjwa wa moyo akihema, kila mtu, na yeye mwenyewe, husema ni moyo.

Nitrofurantoin, ya UTI, ina sura mbili, na wengi wanaijua moja tu. Sura ya kwanza ni ya ghafla: ndani ya siku chache hadi wiki chache mtu anapata homa, kikohozi, kifua kubana na wakati mwingine vipele. Kama aliwahi kuitumia zamani, inaweza kuja ndani ya saa chache. Huyu hugundulika upesi kwa sababu mambo yametokea papo kwa papo. Sura ya pili humpata anayeimeza kila usiku kwa miezi sita, mwaka au zaidi ili UTI isirudi, na mara nyingi huyo ni mwanamke mwenye umri mkubwa. Hakuna homa. Ni pumzi tu inayopungua kidogo kidogo mpaka watu wa nyumbani waseme "ni uzee". Kama wewe au mama yako yuko kwenye kundi hili, muulizeni daktari kila baada ya miezi michache kama dawa bado inahitajika. Mara nyingi iliandikwa zamani na hakuna aliyerudi kuiangalia.

Methotrexate kwa baridi yabisi na magonjwa ya ngozi hutolewa mara moja kwa wiki. Ikileta nimonitisi, mara nyingi ni ndani ya mwaka wa kwanza, tena kwa haraka: homa, kikohozi kikavu, pumzi kukatika ndani ya siku au wiki chache. Dozi kuwa ndogo si kinga. Wenye ugonjwa wa mapafu wa zamani, wenye kisukari na waliovuka miaka 60 wako kwenye hatari kubwa zaidi. Hapa nichomekee onyo lisilohusu mapafu peke yake: kuimeza kila siku kwa kukosea, badala ya kila wiki, kumeua watu. Chagua siku moja, iandike kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Bleomycin hutumika kwenye baadhi ya saratani, kama za tezi za limfu na za korodani. Hii haifichi sifa yake. Madaktari wa saratani wanaihofia tangu mwanzo. Hatari hupanda jumla ya dozi zote inapopita yuniti 400, lakini inaweza kutokea hata chini ya hapo, hasa figo zikiwa dhaifu, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa mwilini. Dawa nyingine za saratani zenye historia hii ni busulfan, carmustine, cyclophosphamide, gemcitabine na jamii ya taxane.

Halafu kuna za kisasa. Gefitinib, kidonge cha saratani ya mapafu, iliidhinishwa Japani mwaka 2002, na kabla mwaka huo haujaisha mamlaka za huko zilikuwa zimeshatoa onyo la dharura kwa sababu ya wagonjwa waliokufa kwa mapafu kuvimba. Wengi walikuwa kwenye wiki za mwanzo za matibabu. Tangu hapo anayeanza dawa za jamii hiyo huangaliwa kwa makini mwezi wa kwanza. Trastuzumab deruxtecan, ya saratani ya matiti, nayo hutolewa pamoja na onyo kali la mapafu. Dawa zinazoiamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, kama nivolumab na pembrolizumab, huvimbisha mapafu ya takriban watu 3 hadi 5 kati ya 100. Mara nyingi hutokea kwenye miezi ya mwanzo, lakini zinaweza kufanya hivyo wakati wowote, hata baada ya kusimamishwa. Everolimus na sirolimus, zinazotumiwa na baadhi ya waliopandikizwa viungo, zimo pia.

Zilizobaki nizipitie haraka: sulfasalazine na mesalazine za utumbo, leflunomide ya viungo, minocycline ya chunusi, daptomycin, antibiotiki ya sindano (hii huleta shida mara nyingi wiki ya pili hadi ya nne), na mafuta ya paraffin ya kulainisha choo. Mafuta haya hayadhuru yakipita tumboni. Hudhuru yakiteleza kwenda njia ya hewa. Mzee anayekunywa kijiko cha mafuta kisha akalala chali, au mtoto anayeminywa pua ili anyweshwe kwa nguvu, anaweza kuyavuta mapafuni bila hata kukohoa, kwa sababu mafuta hayaamshi kikohozi kama maji yanavyofanya. Usimnyweshe mtoto mafuta hayo, wala usimdondoshee mafuta yoyote puani.

Hatua ya 3: Jipime ukiwa mzima

Anayeanza amiodarone, bleomycin, methotrexate au dawa yoyote iliyotajwa hapo juu kwa muda mrefu ana haki ya kuuliza: "Je, tuna picha ya kifua changu kabla ya dawa?" Picha ya siku ya ugonjwa inasema mengi zaidi ikiwekwa kando ya picha ya siku ya uzima. Kwa amiodarone na bleomycin, palipo na uwezo, hupimwa pia jinsi mapafu yanavyopitisha gesi kwenda kwenye damu. Kwa methotrexate, bleomycin na nitrofurantoin uliza na habari za figo. Figo zikishindwa kuitoa dawa, dozi ya kawaida inakuwa dozi kubwa bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja. Kwa nitrofurantoin kuna jambo la pili: figo dhaifu haziifikishi ya kutosha kwenye mkojo, kwa hiyo unabeba hatari bila kupata tiba.

Nyumbani fanya vipimo viwili. Kaa ukiwa umetulia, weka mkono kifuani, hesabu pumzi zako kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 12 na 20. Pili, kama una kile kipimo kidogo cha oksijeni cha kubana kidoleni, andika namba yako ya kawaida. Kwa mtu mwenye mapafu mazima huwa 95 au zaidi. Kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha, na usubiri namba itulie. Jambo moja lijulikane: kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa hiki wakati mwingine huonyesha namba nzuri kuliko ukweli. Kwa hiyo usimtulize anayehema kwa sababu tu kifaa kimesema 96. Mwamini anayehema.

Na kama unavuta sigara, acha kabla ya kuanza dawa hizi. Sina maneno mengi hapo.

Hatua ya 4: Zijue dalili zinavyokuja

Nne ndizo zinazorudiarudia: kikohozi kikavu, pumzi kukatika unapojishughulisha, homa isiyo na chanzo, na uchovu usiolingana na kazi uliyofanya. Makohozi mazito ya njano au kijani huelekeza zaidi kwenye maambukizi, lakini usilifanye hilo sheria.

Dalili ya pumzi ndiyo inayodanganya. Mapafu yana akiba kubwa, na mtu anayekaa kitako siku nzima anaweza kupoteza sehemu yake bila kujua. Tena mwili wa mwanadamu ni mwerevu wa kukwepa: utaanza kutuma watoto ghorofani, utaacha kuinama kufunga viatu, utaoga umekaa, na moyoni unasema hujambo. Ndiyo maana anayeishi nawe huona kabla yako. Muulize waziwazi: "Siku hizi naongea huku nahema?"

Kuna jaribio dogo unaloweza kufanya ukiwa bado huna hali mbaya. Vaa kipimo cha oksijeni, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kisha simama na kukaa mfululizo kwa dakika moja, kwa mwendo wako, mtu mwingine akiwa karibu. Mapafu yaliyovimba yanaweza kuonyesha namba nzuri ukiwa umekaa, halafu ikaporomoka ukishughulika. Ikishuka kwa 3 au zaidi, andika na umpelekee daktari. Ukiwa unahema tayari hata ukiwa umetulia, usijijaribu, nenda hospitali.

Na daktari akisikiliza mgongo wako, anatafuta mlio gani? Shika nywele chache karibu na sikio lako uzisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ule mchakaro mwembamba, mkavu, kama mkanda wa kiatu cha kubandika unapobanduliwa taratibu, ndio unaosikika sehemu za chini za mapafu mtu anapovuta pumzi. Wewe hutausikia bila stethoskopu. Lakini ukiujua, utaelewa kwa nini ni vyema usikilizwe mgongoni, nguo ikiwa imepandishwa, badala ya stethoskopu kugusishwa juu ya shati.

Hatua ya 5: Usibebeshe dawa kila kosa

Si kila kikohozi kinacholetwa na dawa ni mapafu kuvimba. Captopril, enalapril na lisinopril, za presha, huleta kikohozi kikavu cha kuwasha koo kwa watu wengi tu. Kinaudhi, kinakosesha usingizi, lakini mapafu ni mazima: hakuna homa, pumzi iko palepale, picha ni safi. Daktari akikubadilishia dawa, kwa kawaida kikohozi huisha ndani ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu.

Aspirini na jamii yake, kama ibuprofen na diclofenac, zinaweza kumbana kifua mwenye pumu ndani ya dakika au saa chache. Propranolol hufanya hivyo pia, na hata matone ya macho ya timolol. Hapo njia za hewa zimejifinya na utasikia mluzi unapotoa pumzi. Ni dharura yake yenyewe, na tiba yake ni nyingine. Hydrochlorothiazide ya presha, kwa nadra sana, hujaza mapafu maji ndani ya dakika au saa chache baada ya kuimeza. Aliyewahi kupatwa na hilo asiiguse tena.

Yako mengine ambayo lazima yatafutwe kabla dawa haijahukumiwa: kifua kikuu, nimonia ya vijidudu, moyo kushindwa kazi, damu iliyoganda na kuziba mshipa wa pafu. Kwa mwenye kinga dhaifu kuna na ile nimonia ya kuvu iitwayo nyumosistisi. Tena magonjwa yenyewe yanayotibiwa yanaweza kuwa ndiyo chanzo. Baridi yabisi peke yake, bila methotrexate, huweza kuweka kovu mapafuni. Saratani inaweza kusambaa. Daktari anaposema "bado sijui", mara nyingi anakwambia ukweli.

Hatua ya 6: Dalili zimeanza. Niache dawa au nisiache?

Hili ndilo swali ambalo kila mtu huuliza, na jibu linategemea dawa ni ipi na hali ikoje.

Nenda hospitali muda huohuo, usiku au mchana, kama unahema ukiwa umekaa, huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo inabadilika rangi kuwa ya buluu au kijivu, umechanganyikiwa, pumzi zimefika 30 kwa dakika, au oksijeni iko 92 au chini na kawaida yako haiko hivyo. Beba dawa zako zote na daftari. Hapo usikae kubishana kama ni dawa au siyo.

Hali ikiwa si ya dharura, lakini una kikohozi kipya au pumzi inapungua, piga simu au fika kwa aliyekuandikia dawa ndani ya siku moja au mbili. Usisubiri tarehe ya kliniki. Kwa methotrexate, usimeze dozi ya wiki inayofuata mpaka uwe umezungumza naye. Kuchelewesha dozi moja kwa kawaida hakuna gharama kubwa. Nitrofurantoin nayo ina mbadala, kwa hiyo isimamishe na upige simu siku hiyohiyo. Kwa dawa za saratani, kitengo chako ndicho cha kuamua, na kwa kawaida watakwambia usipokee dripu wala usimeze kidonge kinachofuata kabla hujaonwa.

Amiodarone ni habari nyingine. Usiiache kimyakimya nyumbani. Moyo unaweza kurudia vurugu zake, na kwa kuwa dawa hukaa mwilini kwa miezi, kuiacha leo hakuyapi mapafu nafuu kesho. Onwa haraka, uamuzi ufanywe na daktari wa moyo akijua habari za mapafu.

Kuna makosa mawili naomba uyaepuke katika siku hizo za kusubiri. Usinunue antibiotiki kwa kubahatisha; zinachelewesha ukweli, na baadhi yake, kama nitrofurantoin na minocycline, zenyewe zimo kwenye orodha. Na usimeze vidonge vya steroidi (dawa zinazotuliza uvimbe kwa kupunguza nguvu ya kinga ya mwili) vilivyobaki vya mtu mwingine kwa kusikia kwamba ndiyo tiba. Kama kumbe ni kifua kikuu, umeufungulia ugonjwa mlango.

Hatua ya 7: Ukifika, sema hivi

Wakati wa daktari ni mfupi, kwa hiyo usianze na hadithi ya safari ya kuja. Anza na: "Natumia amiodarone tangu Machi. Tangu Agosti nakohoa, pumzi inapungua. Je, inawezekana ni dawa?" Sentensi hizo tatu zinabadilisha mwelekeo wa uchunguzi mzima. Hakuna daktari mwenye busara atakayeona umemfundisha kazi.

Tarajia eksirei ya kifua, na ikiwezekana picha ya CT, ambayo huona uvimbe ambao eksirei haioni. Damu itapimwa, seli ziitwazo eosinofili zikiwa nyingi kuliko kawaida, dawa inashukiwa zaidi, ingawa zikiwa za kawaida dawa haijatolewa hatiani. Makohozi yatapimwa kifua kikuu, na moyo unaweza kuangaliwa kwa ultrasaundi. Wengine huingizwa mrija mwembamba wenye kamera kupitia puani au mdomoni, sehemu ya pafu ikaoshwa kwa maji ya chumvi na maji hayo yakapimwa. Kipimo hicho kinatisha kukisikia kuliko kukifanyiwa, na faida yake kubwa ni kuhakikisha hakuna vijidudu kabla steroidi hazijaanza.

Hatua ya 8: Matibabu, na mambo ya kubaki nayo

Tiba ya kwanza ni kuiondoa dawa. Kwa wengi wenye hali nyepesi hiyo peke yake inatosha, na homa inaweza kushuka ndani ya siku chache. Wenye hali nzito zaidi hupewa oksijeni na steroidi, mara nyingi prednisolone.

Prednisolone haiachwi ghafla. Hupunguzwa ngazi kwa ngazi kwa wiki kadhaa, mara nyingi miezi, na kwa amiodarone miezi huwa mingi kwa sababu dawa yenyewe bado imo mwilini. Watu wengi huharibu hapa: wiki ya pili pumzi imerudi, uso umeanza kuvimba, usingizi hakuna, wanaamua wenyewe kuacha. Uvimbe wa mapafu unarudi, na mwili, ambao kwa muda huo umesahau kutengeneza steroidi zake, unaweza kuporomoka. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi kuliko alivyozoea. Ukipewa cotrimoxazole ili kuzuia ile nimonia ya kuvu, na bado una methotrexate nyumbani, sema kabla hujameza. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuzima utengenezaji wa damu.

Kurudishiwa dawa iliyokudhuru ni jambo la daktari bingwa peke yake, na kwa dawa nyingi jibu ni hapana. Kwa baadhi ya dawa za saratani, nimonitisi ikiwa imekuwa nyepesi na ikapona kabisa, huenda wakajaribu tena kwa uangalizi. Uamuzi huo haufanyiki dukani.

Waliowahi kupewa bleomycin wana la ziada. Oksijeni nyingi inaweza kuyachokoza mapafu yao hata muda mrefu baada ya matibabu kuisha. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino chini ya nusukaputi, mwambie mtaalamu wa usingizi, ili akupe oksijeni kwa kiasi unachohitaji tu. Ukipanga kupiga mbizi kwa mtungi, zungumza kwanza na daktari.

Mwisho, andika kadi ya kukaa kwenye pochi: jina la dawa, mwaka, na kilichotokea. Nasema kadi kwa sababu ya swali moja linaloulizwa kila mahali, na wengi hulijibu vibaya bila kukusudia. Muuguzi anauliza: "Una mzio wa dawa yoyote?" Mgonjwa anakumbuka kwamba hakuwashwa wala hakutoka vipele, anajibu hapana, na miaka mitatu baadaye kwenye hospitali nyingine anaandikiwa dawa ileile kwa UTI nyingine. Jibu lako liwe: "Ndiyo, nitrofurantoin. Ilinivimbisha mapafu."